Mkono wa Mtunza Nyumba

Inspekta alikisoma kitabu cha mahabusu mara tatu, na mara zote tatu hasira ilimpanda. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi. Mwanamume, miaka hamsini na mbili, kazi mtunza nyumba, kosa wizi wa mlango wa kale, ameingia Jumatatu saa mbili usiku, hali yake mzima, hana jeraha. Chini yake ilikuwepo sahihi ya koplo wa zamu, yenye mkia mrefu utadhani ya waziri.

Na huyo mzima asiye na jeraha alikuwa ameketi mbele yake asubuhi hii ya Ijumaa, mkono wa kulia umezungushiwa kipande cha shati, vidole vitatu vimevimba na kuwa vyeusi.

"Mkono umefanya nini?"

"Nilianguka, mama."

"Wapi?"

Mtunza nyumba alimtupia jicho koplo aliyesimama mlangoni, kisha akainamia sakafu. "Nilianguka tu."

"Koplo, nenda kawashe gari," Inspekta alisema.

"Afande, taratibu zinasema mtuhumiwa asiachwe na mtu mmoja..."

"Taratibu nimezifundisha mimi. Nenda."

Koplo akatoka akipiga mluzi. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kitambi na maneno matamu, kipenzi cha kituo kizima kwa utani wake. Inspekta alisubiri mluzi ufike mbali.

Wiki nzima alikuwa kozini. Aliporudi alilikuta jalada mezani, na juu yake mkuu wa kituo ameweka kikaratasi: *Limeiva. Tia sahihi tu. Gari ya mahakamani saa nane.* Saa nane mtu huyu angesomewa shitaka, angepelekwa rumande hadi upelelezi ukamilike, na Inspekta aliwajua watu waliozeekea rumande wakisubiri upelelezi ukamilike. Lakini kituoni walimwita Mama Jalada, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa hasaini kitu asichokitafuna mwenyewe.

"Haya, nieleze. Usiruke kitu."

"Dada yangu alifariki. Nikaomba siku nne za kwenda kuzika. Ufunguo nikampa Mkuu wa Idara ya Mambo ya Kale mkononi, ule wenye uzi mwekundu aliofunga mke wangu. Jumatatu nimerudi, Idara wakaniambia ile nyumba ya kale ninayoitunza iko wazi, niende tu. Nikausukuma mlango, ubao wa kulia, kama siku zote. Ukagoma. Nikadhani umevimba kwa unyevu. Nikatia bega, wapi! Mama, mlango ule nimeufungua miaka kumi na tisa. Nimeufungua nina homa, nimeufungua nina usingizi, nimeufungua na ndoo kichwani. Mkono wenyewe unajua. Nikarudi nyuma hatua tatu nikautazama. Mzuri, umechongwa ukachongeka, lakini si wenyewe."

"Ukafanya nini?"

"Nikakimbia kwa Mkuu. Akanipa kiti, akanipa maji, akasema nisubiri. Nikasubiri. Waliokuja ni hawa."

Inspekta alifunga kalamu yake polepole ili asiitupe ukutani. Mji mzima ulipita mbele ya mlango wa bandia na haukuona kitu. Mtu mmoja tu ndiye aliyeona, akaenda mbio kusema, na huyo ndiye aliyewekwa ndani. Mwizi gani huyo anayejikimbilia mwenyewe?

Ushahidi uliomo jaladani ulikuwa wa aina mbili. Kwanza, neno la Mkuu wa Idara ya Mambo ya Kale, aliyedai hakuwahi kupokea ufunguo wowote. Pili, Kielelezo A, picha ya mlango wenyewe, iliyokutwa imebandikwa juu ya kitanda cha mtunza nyumba. Kwa mujibu wa jalada, hiyo ndiyo picha aliyompa fundi aliyechonga mlango wa bandia.

"Hii ulipewa na nani?"

"Tabasamu, mpiga picha. Alipokuwa anapiga majengo ya zamani ya mji kwa ajili ya Idara, nilimshikia ngazi wiki mbili. Akanipa moja ya ukumbusho."

Nje, kwenye benchi, mke wa mtunza nyumba alikuwa amepakata chombo cha chakula kilichofunikwa kwa kitambaa. Aliinuka haraka alipomwona Inspekta.

"Dada, leo watampa? Jana wamenirudishia. Wamesema hawezi kushika kijiko."

"Waliosema ni akina nani?"

"Yule anayechekesha watu."

Inspekta alimwelekeza mlangoni. "Ingia umlishe mwenyewe. Ukizuiwa, sema Mama Jalada ameruhusu."

*

Nyumba ilikuwa mwisho wa mtaa mwembamba wa mji wa kale, ghorofa mbili za mawe na chokaa, kongwe kuliko zote. Mlango wake ulikuwa wa mbao mbili, na pale zinapokutana pamefunikwa na mfaa, yaani ule mti wa wima uliopigiliwa kwenye ubao mmoja ili ufunike pengo. Inspekta alisimama barabarani akiwa na Kielelezo A mkononi. Alitazama picha, akatazama mlango, akarudia.

"Afande, mlango ni mlango," alisema Koplo, ameegemea gari. "Kwetu tulikuwa tunatundika gunia, na wezi walikuwa wanabisha hodi."

"Njoo hapa. Kwenye picha, mfaa uko kwenye ubao upi?"

Koplo akachungulia. "Wa kushoto."

"Na hapa mbele yako?"

Kicheko kikamkauka. "Wa kulia."

"Na hiki kiraka cha shaba chini?"

"Kwenye picha kushoto. Hapa... hapa kulia."

Inspekta alisukuma ubao wa kulia. Ulikwama, kwa kuwa ndio uliobeba mfaa, na mfaa ulikuwa umeukalia ubao mwenzake. Akausukuma wa kushoto, ukafunguka bila ubishi. Kila kitu kilikuwepo, ua kwa ua na jani kwa jani, ila kimehama upande. Ndiyo maana mkono wa mtunza nyumba ulikataa.

Aliigeuza picha, mgongo kwake, akaiinua kuelekea juani. Mwanga ukapenya karatasi na mlango ukaonekana kwa nyuma, kiraka kulia, mfaa kulia. Ulikuwa sawasawa na huu uliokuwa mbele yake.

"Aliyechonga alinakili picha iliyochapwa kinyume," alisema. "Fundi hakukosea hata jani moja. Picha ndiyo iliyokosea. Na hii mliyomvisha mtunza nyumba shingoni imechapwa sawa. Kwa hiyo siyo hii."

"Sasa afande..."

"Sasa mmemweka mtu ndani siku tano kwa ushahidi unaomtoa! Nani aliyeuokota?"

"Mimi," Koplo akasema.

"Endesha gari."

*

Studio ya Tabasamu ilikuwa chumba kimoja mbele na chumba cha giza nyuma, na vyote viwili vilinuka dawa za kusafishia picha. Jina lilitokana na neno alilowaamuru wateja wake. Yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kuliona jino lake. Ukutani alitundika kazi ya miezi sita: mnara wa taa, ngome, visima vya zamani, madirisha ya mbao, ngazi zilizolika kwa nyayo za watu waliokwisha kufa. Picha zilikuwa nzuri mno. Inspekta alichukia kuona ni nzuri.

"Bado unatumia filamu?"

"Idara inataka negativu, filamu zenyewe za kuchapia, za kuhifadhi. Na mimi ndiye peke yangu niliyebaki ninayejua kuzisafisha." Alisema hivyo akinyoosha kola.

"Mlango wa nyumba ile?"

"Namba arobaini na saba. Saa moja na robo asubuhi, jua likiwa ubavuni, ili michoro itoke."

"Ulitoa nakala ngapi?"

"Mbili. Ya Idara na ya mtunza nyumba."

"Zote zimechapwa sawa?"

"Sawa," alijibu, haraka kidogo kuliko inavyofaa.

Inspekta akaomba daftari la kupokelea picha. Kila aliyechukua picha alitia sahihi, ndivyo Tabasamu alivyofanya kazi tangu ujana wake. Kidole cha Inspekta kikashuka mstari kwa mstari. Namba arobaini na saba, Mkuu wa Idara, tarehe tatu. Namba arobaini na saba tena, Mkuu wa Idara, tarehe tano, na pembeni neno moja: *badala*.

"Badala ya nini?"

"Ya kwanza ilikuwa na doa."

"Negativu ukiiweka kwenye mashine ya kukuzia, uso wake umeelekea upande mbaya, picha hutokaje?"

Mpiga picha akaanza kupanga vikasha ambavyo tayari vilikuwa vimepangika.

"Nakuuliza, mzee."

"Miaka arobaini na moja," Tabasamu akasema kwa sauti ya chini. "Sijawahi. Hata wanafunzi wangu niliwafukuza kwa kosa hilo. Siku ile nilikuwa na homa. Mkuu alitaka nakala kubwa, mlango kwa kimo chake halisi, vipande sita, eti ya maonyesho ya nje. Nikaichapa, akaichukua. Siku ya pili naangalia negativu, nikaona nimeigeuza. Nikamwambia ina doa, anirudishie. Akasema ameshaichana, nisijali. Nikamchapia nyingine."

"Kwa hiyo iliyogeuka ni moja tu duniani, na ilikuwa kwake."

"Ndiyo."

"Mlango uliopo sasa umeuona?"

"Nilipita Jumanne." Akalifunga daftari. "Nikajua papo hapo ni picha yangu."

"Na habari za mtunza nyumba ulizisikia lini?"

"Jumanne hiyohiyo."

"Leo Ijumaa!"

"Inspekta, nielewe. Mimi nina jina. Watu wangesema Tabasamu amezeeka, hata negativu haioni..."

Inspekta alipiga kaunta kwa kiganja, vikasha vikaruka. "Jina! Mwenzako alikushikia ngazi wiki mbili, ukampa picha kwa mkono wako, na picha hiyohiyo ndiyo wameitumia kumfungia! Neno moja, mzee. Ungekuja kituoni ukasema neno moja, 'nilikosea', angekuwa amelala kwake siku tatu zilizopita, na mkono wake mzima. Hivyo visima na ngome unavitunza ili iweje, kama mtu aliye hai unamwacha aoze?"

Tabasamu aliinamia kaunta. Machozi yalimtoka bila sauti, na Inspekta hakuyaonea huruma.

"Chukua kalamu, andika maelezo. Neno kinyume uliandike kwa herufi kubwa."

*

Ilipofika saa sita na nusu Inspekta alikuwa ofisini kwa Mkuu wa Idara, ambaye wote walimwita Daktari kwa sababu ya usomi wake. Kiyoyozi kilivuma. Koplo alisimama nyuma, amebeba daftari la studio ndani ya bahasha.

"Jambo la aibu sana, Inspekta," alisema Daktari. "Mtu tuliyemlea wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Kweli kabisa. Mara ya mwisho kufika kwenye nyumba ile ilikuwa lini?"

"Mwezi wa tatu, tulipokuwa na wageni. Mikutano hainiachi."

"Baada ya wizi hukwenda hata kutazama?"

"Nikafanye nini, nikalie? Polisi mpo."

"Basi nisaidie. Mimi mambo ya kale siyajui. Nataka kuandika mlango halisi ulikuwaje, ili ukionekana tuutambue."

Daktari akakaa vizuri. Hilo alilipenda. "Andika. Mbao mbili. Maua kumi na mawili kila ubao. Ukisimama barabarani, mfaa uko kwenye ubao wa kulia. Chini ya ubao huo kuna kiraka cha shaba, kazi mbovu, aliyekiweka angefaa achapwe."

"Ubao upi hufunguka kwanza?"

"Wa kushoto, lazima. Wa kulia umeubeba mfaa."

"Una hakika? Nisije nikaaibika mahakamani."

"Nimeandika kitabu juu ya milango ya mji huu, Inspekta."

Inspekta alimsomea yote, neno kwa neno. Daktari akasahihisha mkato mmoja, akatia sahihi na tarehe. Hapo ndipo Inspekta alipoweka Kielelezo A juu ya meza.

"Huu ndio mlango halisi. Mfaa uko kushoto. Kiraka kiko kushoto. Hufunguka ubao wa kulia. Ulionielezea ni ule wa bandia, ambao unasema hujawahi kuuona."

Daktari aliivuta picha karibu. "Nimechanganya tu. Nilikuwa nafikiria ile picha ya..."

"Picha ipi? Ile uliyomwambia Tabasamu umeichana?"

Koplo alitoa daftari na kulifungua palipowekwa alama. Sahihi mbili za Daktari zilikaa pale, na neno *badala* pembeni ya ile ya pili.

"Unajua umekosea wapi?" Inspekta alisema, na sasa hakujali tena kuificha hasira. "Kila ulipofika pale, mtunza nyumba alikimbia akakufungulia. Ukapita kama bwana harusi. Miaka yote hiyo, mtu aliyeandika kitabu cha milango hajawahi kuugusa mlango. Picha ilipokuja imegeuka, hukuwa na kitu kichwani cha kukwambia imegeuka. Ukampa fundi, ukautundika mlango wake. Na aliyejua mlango kwa mkono wake alipokuja kukwambia, ukampa maji ya kunywa na kumwitia polisi!"

"Utajuta kuniongelesha hivi. Nitampigia simu mkuu wako."

"Mpigie, umsalimie. Hati ya upekuzi nimempitishia nikitoka studio, na ameisaini akinung'unika."

Bohari la Idara lilikuwa nyuma ya jengo. Kulikuwa na makasha tisa yanayosubiri kusafirishwa kesho yake, yote yameandikwa *Mabango ya Maonyesho*. Manane yalikuwa na mabango kweli. La tisa lilihitaji watu wanne kuliinua. Ndani, kati ya mablanketi, zililala mbao mbili nyeusi kwa mafuta ya miaka mingi, na juu ya moja ulitupwa ufunguo wenye uzi mwekundu. Daktari alikaa juu ya kasha la jirani bila kuambiwa.

*

Saa saba na dakika hamsini gari liliingia uani mwa kituo na mbao mbili zimelala nyuma. Mkuu wa kituo alitoka, akatazama mbao, akamtazama Daktari akiwa na pingu, akavua kofia na kujipangusa.

"Basi. Mtoe yule, tulifunge jalada. Yameisha."

Mtunza nyumba aliletwa uani, mkewe ubavuni. Inspekta alimtaka autambue mlango mbele ya mashahidi, kwa utaratibu. Aliinama juu ya mbao. Mkono wa kulia ulianza kwenda wenyewe, kwa mazoea, vidole vikagoma, akaurudisha kifuani na kutumia wa kushoto. Alipapasa maua mpaka akafika chini, kwenye kiraka cha shaba.

"Hiki nilikipigilia mimi. Mwaka ule wa mafuriko." Akaunusa mkono wake. "Ndio wenyewe."

Mkewe alicheka na kulia kwa pamoja. Koplo akapiga makofi. "Mambo si hayo! Mzee, nenda kalale, sasa umekuwa maarufu."

"Bado," alisema Inspekta.

Alikuwa amekishika kitabu cha mahabusu. Alikifungua juu ya ubao wa mlango, palepale uani, mbele ya watu wote.

"Koplo, chumba cha mahabusu kina ngazi?"

"Hapana, afande."

"Kina kitanda?"

"Hapana."

"Sakafu?"

"Saruji tupu." Koplo akacheka kidogo, akatazama kulia na kushoto. Hakuna aliyecheka naye.

"Jumatatu saa mbili usiku umeandika wewe, mzima, hana jeraha. Sahihi yako hii yenye mkia. Huyu mtu mzima alianguka kutoka wapi?"

"Inspekta," mkuu wa kituo akaingilia kwa sauti ya upole, "mwizi tumempata. Haya ya ndani tuyamalize ndani."

"Ndani ndiko alikovunjwa vidole, afande."

Akachukua jalada jipya, halijaandikwa kitu. Akaliweka kando ya kitabu, akafungua kalamu, akamgeukia mtunza nyumba. Hasira ilikuwa bado imemjaa, lakini sauti yake ilitulia.

"Mzee wangu, asubuhi nilikuuliza ukiwa mtuhumiwa. Sasa nakuuliza ukiwa mlalamikaji. Mkono umefanya nini?"

Mtunza nyumba alimtazama Koplo. Safari hii hakuinamia chini. Alimtazama mpaka Koplo ndiye aliyegeuza uso, kisha akafungua kile kipande cha shati, taratibu, akauweka mkono juu ya mlango wake ili kila mtu auone.

"Sikuanguka, mama," alisema.